Maji ya Mama Bertrand

Likasi, tarehe 4 Machi 2024
Mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke Uvira.

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Magoti yako yanasemaje? Mimi mzima, mgongo tu umechoshwa na sururu.

Mdogo wangu Claude ameniambia maji yetu ya kuoga na ya vyombo yanaingia kwa jirani, Mama Bertrand, na hamsalimiani tena hata kanisani. Eti unataka kuhamia Runingu kwa mjomba. Usihame, Mama. Ukihama, nitarudi wapi?

Hapa tunawachimbia masista mfereji mpana wa maji machafu, kina cha magoti. Chini tunakandika udongo wa mfinyanzi, tunajaza changarawe, tunapanda matete. Maji yanaingia na povu, yanapita chini ya mawe polepole kama mtu anayeota, yanatoka hayanuki. Mchana nikijilaza pembeni, usingizini naona matete yale yamesimama kwetu, na nyuma yake ziwa.

Mwambie Claude akuchimbie. Matete yapo mtoni Ruzizi. Pale maji yanapoingia weka ndoo yenye matundu na majani makavu, ishike mafuta. Maji ya choo yasiingie kabisa.

Mtoto wako,
Chadrack


Uvira, tarehe 20 Juni 2024

Mwanangu Chadrack,

Mgongo umepata nafuu? Magoti yangu yanatabiri mvua na kiangazi kimeshaingia, usiyaamini.

Claude alichimba. Matete yamenifika kifuani, upepo wa ziwa ukija yananong'ona mpaka nasahau chungu motoni. Maji sasa yanaishia kwenye migomba yetu.

Jana Mama Bertrand akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Chadrack, maji yangu iko wapi?"

"Maji yako gani?"

"Ile ilikuwa inakuja kwangu! Mboga yangu ya lengalenga inakauka."

"Si weye ulisema inanuka kama mbuzi aliyekufa?"

"Nilisema inanuka. Sikusema uninyime!"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliyatazama matete, akaenda zake. Nikimpa, tutagombana tena. Nikimnyima, ni vita ileile. Mzigo wa Runingu bado umefungwa karibu na mlango.

Mama yako


Likasi, tarehe 9 Agosti 2024

Mama,

Nakusalimu pamoja na hayo magoti yako manabii. Barua yako nimeisoma shimoni, wenzangu wakadhani nina homa, nilivyokuwa nacheka peke yangu.

Toboa ua. Claude apitishe maji kwa Mama Bertrand, chini kwenye mizizi, yasiguse majani. Mwambie ni yake, yametembea tu njia ndefu.

Jana niliota nayafuata maji hayo chini ya mawe, gizani, bila kuchoka, nikatokea uani kwetu. Ulikuwa unaongea na mtu juu ya ua, sikumwona uso.

Fungua mzigo, Mama. Kazi ya masista inaisha Novemba. Nitapitia Kalemie nipande boti, nifike wiki ya kabla ya Noeli. Usinichinjie kuku. Niombee lengalenga kwa jirani.

Mtoto wako,
Chadrack