Kwa Okko Poppinga, Aliyetaka Kila Kitu Kiandikwe

Umetimia mwaka leo, Okko, tangu tukuzike kando ya kanisa, ardhi ikiwa bado ngumu kwa baridi hata wachimba kaburi wakatumia sururu. Mimi Hiske, niliyekuwa mkeo kwa miaka arobaini na moja, ndiye ninayeandika kwa niaba ya wote. Watoto walitaka maneno ya kupambwa. Nikawaambia hapana, baba yenu hakuyapenda, nitamwambia yaliyo kweli.

Ulikuwa mchapakazi. Tulipofika Iowa kutoka Ujerumani, ulinunua shamba ambalo hakuna aliyelitaka, limejaa maji na matete. Jirani yetu Doolan alikuja akasimama uani, akacheka mpaka akashika mbavu. "Poppinga, umenunua ziwa! Utafuga samaki?" Ulichukua koleo. Kwetu Ujerumani, kwenye mabwawa, watu wanazaliwa wakichimba mitaro. Ulichimba miaka tisa, ukafukia mabomba ya udongo ya kutolea maji, na mwaka wa kumi mahindi yako yakampita Doolan urefu. Hapo akaja kuuliza mabomba yanauzwa wapi. Ulimpeleka mwenyewe kwa gari lako la farasi, wala hukumkumbusha habari za samaki. Mimi ningemkumbusha.

Ulijenga zizi kabla ya nyumba. Ng'ombe walilala chini ya paa la mbao, nami nikawazaa Tjark na Wübke kwenye kibanda cha udongo. Nilikukasirikia, na bado nakukasirikia kidogo. Lakini Wübke alipougua surua ulimbeba kifuani wiki nzima, ukikamua kwa mkono mmoja.

Chai yako ilikuwa vikombe vitatu, si viwili. Bonge la sukari chini, chai ya moto juu yake, malai mwishoni, na ole wake atakayekoroga. Siku moja mchungaji wa kanisa letu alikoroga, ukamtazama kana kwamba ametukana.

Sasa niseme la karatasi.

Ulipotimiza miaka sitini na mitano ulimwachia Tjark shamba, kama ilivyo desturi yetu, nasi wazee tukahamia vyumba viwili vya nyuma. Ila ahadi ya mdomo hukuitaka. Kule kwetu baba yako alimwachia kaka yako shamba kwa kupeana mikono tu, na mzee akaishia kula zizini mpaka anakufa. Ukaapa, "Mimi hayatanikuta." Mwanasheria wa mjini akaandika yote: siagi kila Ijumaa, kuni zilizopasuliwa, chai halisi, nyama siku ya kuchinja nguruwe, gari la kutupeleka kanisani Jumapili. Tjark alitia sahihi bila kuinua macho. Talea, mkewe, hakuwepo. Alikuwa kitandani na mtoto mchanga.

Miaka minne Talea alileta siagi kila Ijumaa, nawe ukaipima kwenye mizani yako. Haikupungua hata siku moja. Ukanikonyeza, "Umeona, Hiske? Karatasi inafanya kazi." Walitualika mezani kwao, ukakataa. "Mtu akizoea meza ya mwenzake, kesho anahesabiwa matonge." Basi tukala wawili chumbani, tukiwasikia wajukuu wakicheka upande wa pili wa ukuta.

Siku ya nne baada ya mazishi nilimpelekea mchungaji ile karatasi anisomee, maana Kiingereza mimi sikijui kukisoma. Akaisoma, akaisoma tena. Yote yameandikwa "maadamu Okko Poppinga yu hai." Jina langu halimo. Ewe mwanamume! Umepima kila kitu, mimi ukanisahau. Najua, hukuwa na nia mbaya. Uliona tu kwamba ukiwepo wewe nami nipo. Lakini siku ile sikulia kwa ajili ya kukukosa peke yake. Nililia kwa hofu, mjane wa miaka sitini na mbili, asiye na haki hata ya kijiti cha kuni.

Ijumaa nikakaa kitini, macho mlangoni. Talea akaingia na siagi. Nikasema moyoni, hii ni huruma ya msiba, itapita. Mwezi ukaisha, siagi ikaja. Novemba zikaja kuni, zimepasuliwa ndogo kuliko zamani ili niweze kuzibeba. Nikashindwa kuvumilia.

"Talea mwanangu, ile karatasi imekwisha nguvu. Mimi hainitaji."

"Karatasi gani, mama?"

"Si ile ya mwanasheria! Ya siagi na kuni."

Akatua kapu chini. "Kumbe siagi nayo ina karatasi? Mbona sijawahi kuiona?"

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unaleta kwa sababu gani?"

"Jamani, mama! Kwani nyinyi si wazazi wetu?" Halafu akacheka. "Hebu niambie, baba alikuwa anaipima ya nini? Mimi nilidhani anaipenda tu mizani yake."

Nilipombana Tjark, alisema aliona haya kumwambia mkewe kwamba baba hamwamini. Akaificha habari ile miaka minne, na mkewe asijue lolote.

Okko, ningetoa chochote uyasikie hayo ungali hai. Roho inaniuma kwa ajili ya ile miaka minne, chakula chetu cha wawili na ule ukuta. Hukuwa mtu mbaya. Uliogopa yaliyomkuta baba yako, nasi tukakuacha uogope. Siku hizi nakula mezani kwao. Mjukuu wetu Enno hunikalia ubavuni na kuniibia viazi, na hakuna anayehesabu.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Hiske, mwanao Tjark na mkewe Talea, binti yako Wübke na mumewe kule Minnesota, na wajukuu zako Enno, Geske na mdogo Reent. Doolan naye ameomba atajwe.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu, Okko, na hilo hatukumpelekea mwanasheria.