Mkojo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kijijini Petta, kukusanya mkojo wa kupima mifupa. Wanawake arobaini, wote juu ya miaka sitini, kila mmoja na chupa yake. Kila mkojo utapimwa peke yake, kisha tutachanganya yote iwe mkojo mmoja wa kulinganishia. Maabara za mbali zitasahihisha mashine zao kwa huo! Kalsiamu ina atomi nyepesi na nzito; nyepesi zikizidi kwenye mkojo, basi mfupa unapungua. Mama mkwe yumo — nimemwandikisha mwenyewe, mgongo unamsumbua. Kwa heshima ya ukwe nilibaki nyuma ya gari, mke wangu Juliet akaniletea chupa. Adabu na sayansi pamoja.

Jumatano, 12 Machi
Tumechanganya. Daktari Ikiring, bosi wangu, anasema hajawahi kuona mkojo mzuri hivi. Amesoma miaka ishirini ili aseme hivyo.

Alhamisi, 12 Juni
Majibu! Mama mkwe ndiye wa kwanza kati ya arobaini. Mfupa haupungui hata kidogo. Kliniki imemwachisha dawa za mifupa. Juliet kampigia simu, vigelegele mpaka Tororo. Nimetembea maabarani kifua mbele.

Jumamosi, 14 Juni
Juliet kanisimulia leo akichambua mboga, anacheka mpaka machozi. Siku ile mama alikataa kabisa: "Mkojo yangu mukwe ashike? Nitaficha uso wapi?" Akamwambia mjukuu wake Prossy ajaze chupa. Prossy ana miaka tisa. Juliet alijua tangu Machi — naye, kama mama yake, alidhani mkojo ni mkojo.
Sikucheka. Chupa mia tatu za ule mchanganyiko zimeshafungwa, lebo zinasema wanawake wazee arobaini. Mtoto anayekua yumo ndani. Daktari atanifukuza. Lakini kinachonitisha ni ule mgongo, sasa hauna dawa. Mama mkwe hata usoni simtazami, nitamwombaje mkojo mwingine?

Jumapili, 15 Juni
Daktari bado sijamwambia. Mchana huu, sauti uani — mama mkwe! Hajawahi kukanyaga kwangu hapa Busia. Ametembea kutoka stendi na gunia la karanga kichwani, zawadi ya mkwe aliyempa mifupa mipya. Nimejifungia chumbani, kama desturi inavyotaka. Na kama uoga unavyotaka. Anasimulia kwamba ameanza kulima tena. Juliet, niliyemweleza yote jana, anamkaribisha maji tu.
Nyayo. Amesimama nje ya mlango wangu. Anasema polepole:
"Mukwe, siangalii wewe. Nauliza tu ile mashine yako. Gunia mbili, naweza beba?"