Kikapu cha mjukuu kwenye mkanda wa ukaguzi

Shoga, acha nikusimulie. Tuko uwanja wa ndege.

Mjukuu wangu alikuwa amelala kwenye kikapu chake, kafunikwa shuka. Mkaguzi anamfokea binti yangu, "Vua viatu! Kila kitu kwenye mkanda! Mama, unachelewesha watu!"

Naye kwa kuchanganyikiwa akaweka viatu, mkoba, na kikapu. Kikapu, shoga! Mtoto yumo!

Nainua macho, kikapu nusu kimeshaingia kwenye mashine. Nikapiga ukelele, "Mtoto yumo!" Ndipo mkanda ukasimamishwa.

Mtoto hata hakuamka. Mama yake ndiye kaishiwa nguvu, yuko sakafuni peku, na mkaguzi yule yule anampepea kwa pasi yake ya kusafiria.

Mwanao anasafiri Ijumaa na kichanga. Mwambie wakifoka, wafoke. Mtoto asimtoke kifuani.