Sufuria Niliyokataa Kuipua

Mtaa wa Waswahili,
Muyinga, Burundi.
Tarehe 12 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Shakila,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Mahmudu na watoto wote. Kahama mvua zimeshaanza? Huku zimeanza kwa fujo, njia ya sokoni ni tope tupu. Mapacha wanaendeleaje na shule? Na kile kikohozi chako cha mwezi uliopita kimekwisha, au bado kinakusumbua? Nakuuliza kwa sababu najua kukohoa kunakuletea nini, na huko nitafika.

Sisi hatujambo. Radjabu wangu yupo na cherehani yake kibarazani. Watoto wote sita wazima, na mkubwa sasa ananizidi urefu, basi anadhani ananizidi na akili. Mimi mwenyewe ni mzima wa afya, na safari hii neno hilo ni la kweli, silisemi kwa adabu tu.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu wakati simu zipo. Simu yako unaisikiliza sebuleni, sauti juu, mpaka mawifi zako wanaitikia salamu zangu. Haya ninayotaka kukuambia ni ya macho yako peke yako. Nimempa barua dereva Kassimu, yule mtoto wa jirani yetu anayevuka mpaka wa Kobero na lori lake kila wiki, na nimemwapisha akupe mkononi.

Tena nikuambie mapema ninachotaka, usije ukasoma kwa wasiwasi mpaka mwisho. Nataka uje Gitega utibiwe. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine yote ni kukueleza kwa nini sitakubali jibu la hapana.

Najua habari zangu umeshazipata kwa wifi yangu Hadidja, maana yule habari haimlali tumboni. Kwamba nimetolewa kizazi. Kwamba nilikwenda bila idhini ya mama mkwe. Kwamba kwenye harusi ya shemeji yangu Faridi nilikaa kitini kama malkia huku pilau ikiungua mbele yangu. Yote ni kweli, isipokuwa pilau haikuungua.

Mimi nilikuwa nakuficha kama ulivyokuwa unanificha. Tangu nilipomzaa wa nne, kizazi changu kilianza kushuka. Mwanzoni nilihisi uzito tu, kama kuna kitu kinataka kudondoka. Baada ya wa sita kikawa kinatoka nje kabisa, nikichutama, nikifua, nikiinua ndoo. Nakirudisha kwa mkono, naendelea na kazi. Nikicheka mkojo unanitoka. Nilikuwa natia udhu mara mbili tatu kwa swala moja, mwishowe nikaacha kwenda kwenye maulidi na hitima, na watu wakasema Fatouma siku hizi anaringa.

Na hapo hapo nilikuwa nabeba sufuria. Hukai na watu hawa, kwa hiyo nikueleze. Ukoo wa kina Radjabu una jambo lake. Arobaini ya mtoto ikifika, mzazi mwenyewe ndiye anayeipua sufuria ya pilau ya wageni, mbele ya wanawake wote, ili waone kwamba mgongo wake umerudi. Na kwenye harusi, sufuria ya kwanza inaipuliwa na mke wa mtoto mkubwa. Si sufuria ya nyumbani. Ni ile ya shughuli, ambayo wanaume wawili wakiibeba wanapumzika njiani.

Nimeipua kwa kila mtoto, tumbo nimelifunga kitenge mpaka pumzi inakata. Ndivyo tulivyofundishwa: ukihisi kitu kinashuka, funga tumbo, kisha kaza zaidi. Daktari alikuja kuniambia kwamba kule kukaza, pamoja na kule kuinua, ndiko kulikokuwa kunasukuma kila kitu chini. Niliposikia hivyo nilikasirika sana. Miaka yote hiyo nilikuwa najitibu kwa kujiumiza, na kila mwanamke mtaani alikuwa ananipongeza kwa kufunga vizuri.

Aliyenifungua macho ni Espérance, Mkongomani wa Kivu Kusini anayeuza vitenge Gitega na kuleta mzigo hapa sokoni Muyinga. Aliniona nimekaa upande upande juu ya furushi la nguo, akaniuliza bila kuzunguka. Kumbe yeye alishapitia. Aliniambia, "We Fatouma, hii haiko haya, iko maladi, ugonjwa tu. Mi walinishona pale Gitega, na leo niko nacheka bila kuogopa."

Niliporudi nyumbani nikasema nakwenda. Mama mkwe akasema kizazi ni cha ukoo, hakiguswi bila kikao. Nikamwuliza wanakikao watakipima kwa macho au wataamini maneno yangu. Ndiyo, nilimjibu hivyo, Mungu anisamehe, na kesho akinirudia nitamjibu vile vile. Alikataa kula chakula changu kwa siku kadhaa. Radjabu alishona kutwa nzima, na ilipofika magharibi akaniambia ameshaongea na mtu wa basi la asubuhi. Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyonioa.

Gitega nilifikia mtaa wa Yoba, kwa Espérance. Hospitalini hawakunikimbizia kisu. Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alinipima, akanieleza kuna njia zaidi ya moja. Kuna pete ya mpira inayowekwa ndani ili ishikilie. Kuna kukipandisha kizazi na kukishonea mahali pake kibaki. Na kuna kukitoa, halafu kuta zilizolegea zishonwe zikaze. Akaniuliza kama bado nataka kuzaa.

Shakila, nimezaa watoto sita na swali hilo nililisikia kwa mara ya kwanza siku ile, tena kwa mtu baki. Nililia. Alisubiri. Kisha nikamwambia wanatosha, akitoe. Kwa hiyo wifi akisema nimetolewa kizazi, mwambie ndiyo, nilichagua mwenyewe.

Kuhusu kisu wasikutishe. Walinichoma sindano ya mgongoni, kuanzia kiunoni kwenda chini nikafa ganzi, lakini nilikuwa macho nasikia vyuma vikigongana na manesi wakizungumza bei ya maharage. Walipitia huku huku chini, tumboni sina hata alama. Nilirudishwa wodini na mpira wa mkojo, ukatolewa baadaye. Maumivu yalikuwepo, sitakudanganya, na siku ya kwanza ya choo kikubwa nilimwita mama yangu marehemu kwa jina.

Wodini hakuna aliyenificha kitu, na hilo peke yake lilikuwa dawa. Kulikuwa na wasichana wadogo waliotoboka ndani wakati wa uzazi mgumu, mkojo unatiririka mchana na usiku, waume wamewafukuza. Hao nao wanazibwa tundu. Kitanda cha kando yangu kilikuwa na bibi mmoja mkulima wa Bukirasazi, jina lake Paskazia, aliyeishi na kizazi kilichoshuka tangu kabla ya vita. Alipotolewa mpira alikwenda chooni mwenyewe, akarudi, akasimama katikati ya wodi, akaruka. Kidogo tu, kama mtoto anayejaribu viatu. Wodi nzima tulicheka, na mimi nilicheka huku najishika kwa mazoea, nikakuta pakavu. Nesi alitugombeza sote.

Niliporuhusiwa nilipewa masharti. Wiki sita Radjabu abaki upande wake wa kitanda. Miezi mitatu nisiinue kitu kizito kuliko birika la chai. Nyuzi zikikatika, daktari alisema, tunaanza upya na pengine haitashika kama mara ya kwanza. Nilimwahidi.

Sasa harusi ya Faridi ikaangukia ndani ya miezi hiyo. Nilimwambia mama mkwe mapema kwamba sufuria siipui. Akajibu sufuria haina mwenyewe mwingine. Nikaona basi, tutaonana huko huko.

Siku yenyewe ilipofika nilivaa gauni langu jipya, nikatoka na kiti cha plastiki kutoka chumbani, nikakiweka uani karibu na mafiga, nikaketi. Wanawake wote walikuwepo, wa ukoo na wa mtaa. Pilau ilipoiva mama mkwe akaniita, "Mke wa Radjabu, sufuria inangoja." Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema kichwa kinaniuma, na kila mtu angejifanya ameamini. Nikaona hapana, uongo huo umetutosha.

Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mama zangu, kizazi changu kilikuwa kinaning'inia nje. Kimetolewa, na nimeshonwa. Sufuria hii siipui leo, na hata nikipona siipui tena."

Hadidja alijifunika uso kwa mtandio. Mama mkwe alinitazama kama hanijui, akasema, "Sisi tulizaa, hatukushonwa. Mi mwenyewe nitaipua." Akakunja mikono ya gauni, akasogea kwenye moto. Na kabla ya kuinama akapeleka mkono chini, kwa siri, akajisukuma kidogo, kama mtu anayerekebisha kanga.

Shakila, mkono ule naujua. Nimeutumia miaka yote. Katika ua mzima nadhani ni mimi niliyeuona, au labda tuliuona wengi na kila mmoja akatazama pembeni. Nilisimama nikamshika bega. Nilimwambia chini chini, "Mama, usiinue." Alijaribu kunitoa mkono, lakini si kwa nguvu.

Nikaita wanaume. Bwana harusi ndiye aliyekuwa karibu, basi Faridi na rafiki yake Rachid wakaja, kanzu nyeupe kama maziwa, wakaipua sufuria ya kwanza ya harusi yake mwenyewe. Kanzu ya Faridi ikaingia masizi ubavuni, na akaoa na masizi yake. Wali ulikuwa mtamu, waulize waliokula. Hiyo ndiyo aibu niliyoutia ukoo, na sijaomba radhi, wala siombi.

Siku chache baadaye mama mkwe aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Akasema, "Ile kitu yako, na mi iko nayo. Tangu Radjabu." Mume wangu ana mvi, Shakila, na ndiye mtoto wake wa kwanza. Hasira zangu zote juu ya mama huyu sikujua niziweke wapi. Nikamshika mkono tu, tukakaa.

Nilipomwambia twende Gitega alikataa. Amewaambia watu wengi mno kwamba kushonwa ni mambo ya wanawake wavivu. Ataanzaje kupita mtaani na mfuko wa hospitali, na Hadidja ni bintiye? Hapo ndipo nilipokutaja wewe, naye akakubali. Nisamehe, sikupewa ruhusa. Lakini naye ameniruhusu nikuandikie yake, kwa hiyo mko sawa.

Maana na wewe nimekujua. Nilipokuja kwenye msiba wa mama yako, mama yangu mdogo, niliviona vile vitambaa ulivyovianika ndani ya chumba, na jua liko nje bure. Nilikuona ukipishanisha miguu kila unapotaka kukohoa. Ulikuwa mwimbaji wa kaswida tangu tulipokuwa watoto kwenye kambi ya wakimbizi Ngara, na msiba wa mama yako mwenyewe ukauimbia jikoni, peke yako, karibu na mlango wa choo. Niliumia, nikanyamaza kwa sababu na mimi nilikuwa na langu. Sasa sinyamazi.

Sijui chako ni kushuka, au kulegea, au tundu. Daktari ndiye atakayesema, na pengine hata kisu hutahitaji. Usiniambie Tanzania kuna hospitali, najua zipo na ni nzuri. Wewe huogopi daktari, unaogopa macho ya majirani. Gitega hakuna anayekujua. Espérance ameshatuwekea chumba Yoba, na tarehe za kuonana na daktari zimetajwa, ni wiki ya mwisho ya mwezi wa Novemba. Nitakupokea Kobero mwenyewe. Usiniletee zawadi nzito, sibebi.

Kama bado unatafuta la kumwambia Mahmudu, hili hapa, nimelifikiria kwa ajili yako. Mwambie mama mkwe wa dada yako ni mzee, anaumwa, anakwenda hospitali Gitega na anahitaji mtu wa kumsindikiza. Mama mkwe naye huku ameshaanza kuwatangazia watu wa mtaa kwamba kuna mgeni wa Kahama, ni mgonjwa, haifai kumwacha aende peke yake, kwa hiyo atamsindikiza. Hakuna hata mmoja wenu atakayekuwa amesema uongo.

Nisalimie shemeji Mahmudu, nisalimie mapacha, nisalimie na mawifi zako, waambie sauti zao nazisikia kila nikipiga. Radjabu anakusalimu sana. Mama mkwe anakusalimu, na anauliza kama unatembea polepole, kwa sababu yeye ndivyo anavyotembea.

Mwenyezi Mungu aliyetuumba wanawake atupe na pa kupumzikia, akuvushe mpakani salama, na akurudishie sauti yako mbele za watu.

Dada yako anayekupenda na asiyekuonea haya,

Fatouma