Dawa ya Mtoto Nisiyemjua

Isiolo, Jumanne, Agosti 1987

Vumbi leo limeingia mpaka kwenye unga. Upepo wa hapa Chechelesi hauna adabu, na mimi sina hamu hata ya kufagia.

Nina mimba changa. Daktari wa Nairobi amenipa vidonge, akasema nianze leo, nisingoje. Yote ni kwa sababu ya Guyo, mtoto wangu wa kwanza.

Guyo alipozaliwa, mkunga alimtazama sana kabla ya kusema ni mvulana. Siku ya saba baba yake akachinja mbuzi wawili, kama dini inavyotaka kwa mtoto wa kiume. Wa kike ni mmoja. Majirani wakala, wakashiba. Nyama ikishaliwa na watu wote hao, nani atazunguka nyumba kwa nyumba kusema tulikosea?

Mwaka jana, akiwa na miaka saba, akaanza kuota nywele za mtu mzima. Nairobi wakampima, wakasema ndani ana mfuko wa uzazi. Ni msichana, homoni zilimbadilisha umbo kabla hajazaliwa, na mdogo wake anaweza kupatwa na hali hiyo hiyo. Guyo alisikiliza yote, akasema yeye ni mvulana na anataka kurudi kwa mbuzi wake.

Sasa ndiyo vidonge hivi. Lazima nianze kuvimeza kabla haijajulikana kama huyu wa tumboni ni msichana, au kama ana shida yoyote. Si vya kumwokoa na kifo. Ni vya umbo tu, akiwa msichana asizaliwe na umbo la mvulana. Pengine namnywesha dawa mtoto mzima kabisa. Nilimuuliza daktari itamfanya nini akikua. Angalau hakunidanganya: hajui.

Baba Guyo hataki maneno mengi. "Wewe meza tu. Hii aibu mimi sirudii."

Aibu. Na ndiye anayeenda na Guyo malishoni kila asubuhi!

Mchana nilikuwa nimekaa na kidonge mkononi, Guyo akaingia.

"Mama, hiyo dawa ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya malaria.

Akakimbilia mtungi, akaniletea maji kwa kikombe chake mwenyewe. "Kunywa basi, upone." Akasimama pale pale mpaka nikameza. Alifurahi. Mimi nilijichukia, na bado najichukia ninapoandika haya.

Nimemeza dawa ya kuzuia mtoto kama yeye, na maji ameleta yeye.

Kesho kuna kidonge kingine. Amesema atanikumbusha.