Diski Mbili za Kyalo na Mwikali

Alhamisi, Riyadh.

Vumbi limetanda tangu alfajiri. Hapa Sulimaniyah magari yalipita mchana kutwa taa zikiwaka, na kila aliyeingia dukani aliacha alama za viatu sakafuni. Chai yangu imepoa mezani. Sina hamu nayo. Sina hamu ya kuandika pia, lakini jambo hili nikilinyamazia leo nitalala nalo kifuani.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua kazi yangu. Nilifundisha elektroniki katika chuo cha ufundi Mombasa mpaka nikastaafu, kisha nikaja huku kutengeneza kompyuta zilizotumika katika duka la kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini kuja. Wakenya wa hapa huniita Mwalimu, na nadhani wananiita hivyo kwa sababu siwezi kumpa mtu jibu fupi.

Jumatatu aliingia Kyalo, dereva, mtu wa Kitui, amekumbatia kompyuta kubwa nyeusi kama mtu aliyebeba mbuzi mgonjwa. Aliiweka mezani akahema.

Niseme kweli: nilifurahi. Kompyuta za namna hii sizioni tena. Zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi za wahandisi na wachoraji wa majengo, zifanye kazi mwaka mzima bila kuzimwa. Ubavu wake unafunguka kwa kuvuta kishikio tu, huhitaji bisibisi. Ndani mna prosesa mbili, kila moja na viini vinane na feni yake. Kumbukumbu ni gigabaiti sitini na nne, za aina inayojisahihisha: kila inapohifadhi kitu huweka pembeni alama ya ukaguzi, na tarakimu moja ikigeuka kwa bahati mbaya, yenyewe hugundua na kurekebisha. Kompyuta ya kawaida haifanyi hivyo. Ikikosea, inakosea nawe. Kifaa cha kugawa umeme ni cha wati elfu moja na mia moja, kizito peke yake kuliko laptopu tatu za leo. Kadi ya michoro ni ya zamani, lakini ni ile ya kuchorea madaraja, si ya michezo.

Yote hayo nilimweleza Kyalo. Nilimwonyesha hata njia za hewa, jinsi zilivyogawanywa ili joto la prosesa moja lisiifikie nyingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Kisha akasema, "Mwalimu, hayo yote nimeskia. Mimi nataka mtoto wangu."

Nilikaa kwenye kiti.

Kisa chake ni hiki. Kyalo na mkewe Mwikali walikuja Saudia wote wawili, wakamwacha binti yao Ndanu kwa nyanya yake, mamake Mwikali. Mwikali aliajiriwa kazi za ndani Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, nyumba ambayo analala humohumo. Kyalo aliendesha gari la ofisi moja ya wahandisi, na alikuwa na chumba Ruwais, mtaa wa Jeddah hiyo hiyo, pamoja na madereva wengine. Ofisi ile ilipobadilisha vifaa aliomba kompyuta hii, wakampa. Kila Ijumaa ambayo Mwikali aliruhusiwa kutoka, walikutana chumbani Ruwais wakahamisha humo kila kitu kilichotoka nyumbani: picha za Ndanu, video, sauti alizotuma kwa simu ya nyanya. Wakishahamisha, walifuta kwenye simu. Simu zao ni ndogo, hujaa upesi. Na Mwikali hakutaka madam wake awe anapekua picha za mtoto wake.

Ndanu alifariki mwaka jana. Homa ya mapafu. Kibali cha kusafiri hakikupatikana kwa yeyote kati yao mpaka mtoto akazikwa.

Baada ya hapo hawakuweza kutazamana. Huyu alisema wewe ndiye uliyetaka twende wote. Yule alisema wewe ndiye uliyekataa kurudi. Kyalo alipopata kazi nyingine Riyadh, walikutana mara ya mwisho Ruwais kugawana vitu. Sufuria, godoro, jiko la gesi. Walipofika kwenye kompyuta, dereva mmoja wa chumbani aliifungua akakuta diski mbili. Wakaona jambo ni jepesi. Moja ya mama, moja ya baba. Kila mmoja atapata nusu ya picha.

"Tulipatana vizuri hapo," Kyalo aliniambia. "Hapo pekee hatukupigana."

Alipofika huku akaiwasha, ikamwambia hakuna diski ya kuwashia. Akajaribu diski ile kwa kompyuta ya rafiki yake, ikaonekana tupu. Basi akajua, au alidhani amejua: Mwikali alikuwa na habari diski ipi ina mtoto, akaichukua, akamwachia ganda.

"Amenichezea, Mwalimu. Angalia tu vizuri, labda kuna kitu alisahau kutoa."

Niliangalia. Haikunichukua muda. Kwenye mipangilio ya kompyuta iliandikwa wazi kwamba diski zile mbili zilikuwa zimeunganishwa zihesabiwe kama moja.

Hapa nieleze polepole, maana ndipo penye kidonda. Wahandisi hufungua michoro mikubwa sana, na diski za zamani za kuzunguka, hata hizi zinazozunguka mara elfu saba na mia mbili kwa dakika, ni za polepole. Kwa hiyo hufunga mbili na kuzigawia kazi. Kila faili hukatwa vipande vidogo: cha kwanza kinakwenda diski hii, cha pili ile, cha tatu hii, cha nne ile, hivyo hivyo hadi mwisho. Diski mbili zinaandika kwa pamoja, na kazi inakwenda karibu mara mbili kwa kasi. Ubaya wake ni kwamba hakuna diski yenye kitu kamili. Ukizitenganisha, kila moja huonekana tupu kwa kompyuta yoyote, kwa sababu haisomeki peke yake.

Nilimwambia Kyalo: chukua shati, ulifumue. Nyuzi za wima umpe mmoja, za mlalo umpe mwingine. Ni nani hapo mwenye shati?

Aliigeuza diski mezani kwa kidole. "Kwa hivyo yake iko tu kama yangu."

"Ndiyo. Na zikikutana hapa, tukazirudisha kwenye kompyuta hii hii, Ndanu yupo mzima."

"Basi mpigie wewe. Mimi akiona namba yangu anakata."

Jumanne nilimpigia. Mwikali aliongea kwa sauti ya chini, nikasikia mashine ya kufulia ikizunguka nyuma yake.

"Ngoja nifunge mlango, mzee. Madam akiita nitakata, usikasirike."

Nilijitambulisha, nikaeleza, safari hii kwa ufupi nilivyoweza. Alinikatiza katikati.

"Hiyo diski ilikuwa empty. Nilipeleka kwa fundi wa simu hapa karibu. Akaniambia mafi, sister, hakuna kitu. Nikasema, aah! Huyu mwanaume amekaa na mtoto wangu akanipea chuma."

"Haikuwa tupu, mwanangu. Ndivyo inavyoonekana ikiwa peke yake. Hata ya mwenzako inaonekana hivyo hivyo."

Mashine ya kufulia ilisimama.

"Iko wapi sasa?" nikauliza.

"Nilimwachia yule fundi. Nilimwambia akae nayo, sitaki kuiona." Kisha akasema, "Mzee, nilikuwa na hasira."

Akanipa jina la duka. Kabla sijaandika vizuri nikasikia mwanamke akiita kutoka mbali, "Mwikali! Yalla!" na simu ikakatika.

Nilimpata yule fundi kwa simu alasiri. Kijana mstaarabu, alikumbuka vizuri. Diski ilikuwa nzima kwa hiyo aliisafisha yote, mwanzo hadi mwisho, jinsi mafundi waangalifu tunavyofanya, akaifunga kwenye mtambo wa kamera za ulinzi wa jengo fulani. Inarekodi lango la magari usiku na mchana. Ikijaa, inaanza upya juu ya ya zamani.

"Halas, ya ammi," akaniambia, yaani imekwisha, mzee wangu. Na kweli, halas. Diski iliyosafishwa hivyo hairudishi kitu, hata ningeipata mkononi leo.

Sikumpigia Kyalo jioni ile. Nilitaka kwanza kujua kilichobaki kwenye diski yake.

Kuna kitu nilikuwa nikiwaambia wanafunzi: kabla ya kusema hakuna, jua ukubwa wa kipande. Kwenye kompyuta hii kila kipande ni kilobaiti mia moja na ishirini na nane. Faili iliyo ndogo kuliko hapo huenda imekaa yote ndani ya kipande kimoja, haikukatwa. Video haziwezi. Picha za simu hukatwa nyingi. Lakini ujumbe wa sauti wa sekunde chache ni mdogo sana. Kwa hiyo nilitengeneza nakala ya diski, nikaiacha programu ya kutafuta ifanye kazi siku nzima ya Jumatano, feni zikivuma pembeni yangu huku nikiwauzia watu chaja.

Sauti zilitoka. Si zote. Karibu nusu ya zile fupi, nakisia.

Ilinibidi nizisikilize kuhakikisha hazina hitilafu. Sikupenda kufanya hivyo, hazikuwa zangu. Mtoto anasema simu inazima. Mtoto anasema amepewa chapati mbili, halafu anacheka, halafu anasema tatu. Mtoto anamwambia mtu pembeni, "Nyamaza, naongea na mama," na hapo inaisha.

Picha nazo zilitoka, na afadhali nisingeziona. Picha ya simu huandikwa kutoka juu kwenda chini. Kipande cha kwanza kikiwa kwenye diski hii na cha pili kwenye ile, unapata sehemu ya juu tu, kisha kijivu kitupu hadi chini. Picha baada ya picha: anga ya Kitui, paa la bati, kijivu. Anga, paa, nywele zilizosukwa, kijivu. Katika picha tatu au nne mtoto alisimama karibu na aliyempiga, basi paji la uso limo, na macho. Pua haimo. Mdomo haumo popote.

Leo Kyalo alikuja baada ya Adhuhuri, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Nilifunga mlango wa chumba cha nyuma nikamwambia yote, pamoja na kamera na lango la magari. Nilitarajia atamlaani mkewe. Aliuliza kitu kingine.

"Anajua sikumdanganya?"

"Nimemwambia."

"Na mimi je? Nani atamwambia mamake?" Akajifuta uso kwa kofia. "Nilimpigia yule mama mzee, Mwalimu. Nyanya ya Ndanu. Nikamwambia, wewe umezaa mwizi. Mwizi wa mtoto."

Nilimsogezea spika.

Alisikiliza sauti moja, ile ya chapati. Hakutaka ya pili. Kisha akasema jambo lililonishtua kuliko yote ya wiki hii: "Sasa zile ameita baba, nipe mimi. Zile ameita mama, umpelekee yeye. Hivyo ni haki."

Nilimkatalia. Nadhani nilipaza sauti, maana kafili wangu alichungulia. Nikamwambia hapa dukani hakuna kinachogawanywa tena. Nilichukua flashi mbili, nikaweka kila kitu kwenye hii na kila kitu kwenye ile, sauti zote, picha zote na kijivu chake. Hakubisha. Aliiweka ya kwake mfukoni mwa shati, akafunga kifungo, akanisukumia kompyuta.

"Kaa nayo. Sitaki kuisikia ikivuma."

Kwa hiyo ipo hapa miguuni pangu, prosesa mbili na kumbukumbu yake inayojisahihisha. Kafili anasema tuiweke dirishani, kuna wanafunzi wa usanifu wataipenda. Nimemwomba asubiri.

Flashi ya pili nimeifunga kwa karatasi. Kuna dereva wa Kenya ninayemwamini anakwenda Jeddah wiki ijayo. Ataifikisha Al-Rawdah Ijumaa ya wiki hiyo, Mwikali akiruhusiwa kutoka. Nimemwandikia tu kwamba flashi inakuja, ina sauti na picha kidogo. Sijui kama ataruhusiwa. Sijui kama Kyalo atampigia simu mama mzee. Nilimwambia ampigie, akaitikia kwa kichwa tu, na kichwa huitikia mengi.

Magharibi ulinijia ujumbe wa Mwikali, maneno machache: "Mzee, sura yake inaonekana?"

Nimeandika jibu refu, la vipande na kilobaiti. Nimelifuta. Nimeandika fupi, nimelifuta nalo pia. Jibu hili halifai kusomwa kwenye simu, ndani ya chumba cha kufulia, mlango umefungwa na mtu anaita nje.

Kesho ni Ijumaa. Asubuhi, saa ambayo nyumba za huko bado zimelala, nitampigia nimwambie kwa mdomo wangu. Sitamwambia habari ya kijivu mpaka aniulize. Nitaanza na kilichopo. Nitamwambia, macho yapo.