Nusu Yetu ya Dohani

Mtaa wa Tatu, Birkside
12 Oktoba 1986

Mwanangu Alec,

Hujambo mwanangu? Afya yako inaendeleaje, na hilo jua la Australia limepunguza ukali au bado linakuunguza shingo? Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi linalalamika kabla hata mvua haijafika. Kit Stobbart anakusalimu, Norma wa dukani anakusalimu, wote wananiuliza utarudi lini nami nawaambia muulizeni mwenyewe.

Sikutaka kukutia wasiwasi, lakini nisipokwambia wewe nitamwambia nani. Chumbani kwako, kwenye ule ukuta unaopandisha dohani, limetoka doa. Mwezi wa nane lilikuwa kama sahani, sasa ni kama meza. Rangi yake ni ya chai iliyolala, na linanuka masizi mabichi. Ile karatasi ya ukutani aliyobandika marehemu baba yako imeachia, inaning'inia kama ulimi. Kitanda chako nimekisogeza katikati ya chumba. Mvua ikianza nasikia tone, nangoja, halafu tone jingine, na siwezi kufanya kazi yoyote mpaka nilisikie.

Nilisimama barabarani nikaangalia juu. Unajua dohani ni moja kwa nyumba zetu mbili, vyungu viwili vya kutolea moshi ni vyetu na viwili vya jirani, Wilf Raine. Ile saruji inayoshika vyungu imepasuka pasuka, na upande wa Wilf kuna majani yameota katikati ya matofali. Wilf haoti moto wa makaa tena, ametia hita ya umeme, kwa hiyo kwake dohani ni baridi na maji yanaingia tu kama kwenye pipa.

Sijamsemesha, usiwe na hofu. Kula vizuri, na soksi uvae kavu.

Mama yako

---

2 Novemba 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi ipo, joto ndiyo kwanza linaanza. Pole na goti.

Kuhusu dohani, mwite Kit apande atengeneze. Nusu yetu tu. Atie saruji mpya, abadilishe matofali mabovu, na akifika katikati aache. Ya Wilf Raine asiiguse hata kwa kidole. Kit ataelewa, naye alikuwa nasi pale kwenye geti la mgodi siku za mgomo.

Najua utaniambia miaka miwili inatosha. Mama, yule mtu ndiye aliyenifundisha kazi kule chini mgodini. Alinionyesha namna ya kugonga mwamba na kuusikiliza kabla haujaanguka. Halafu mwezi wa kumi na moja wa mgomo, sisi tumesimama kwenye theluji tunakunywa supu ya kugawiwa, yeye akapita mbele yetu kwenda kazini ndani ya basi lenye nyavu madirishani, polisi huku na huku. Wiki saba tu zilikuwa zimebaki mgomo uishe. Angengoja wiki saba.

Mgodi umefungwa, mimi niko huku, nawe uko peke yako hapo. Sina la kumwambia.

Mwanao, Alec

---

7 Desemba 1986

Mwanangu Alec,

Salamu nyingi, natumaini huumwi popote. Mimi niko vilevile.

Kit alikuja siku tatu. Alifanya ulivyosema lakini hakufurahia, alikuwa akishuka anakung'uta mikono na kuguna. Nusu yetu sasa ni nyekundu na saruji yake inang'aa, nusu ya Wilf ni nyeusi na majani yake, na katikati kuna mstari ulionyooka. Mtaa mzima umetoka kuangalia. Mzee Tulip amesema dohani yetu ni kama mtu aliyenyolewa upande mmoja kinyozi akaitwa msibani. Nilicheka nikiwa nao. Nilipoingia ndani sikucheka.

Wilf naye alitoka akasimama kwenye bustani yake, akatazama juu muda mrefu. Nilikuwa dirishani. Kisha akarudi ndani, maana angemwambia nani?

Krismasi nitapika kidogo. Nikipika kingi kinaniangalia.

Mama yako

---

18 Januari 1987

Mwanangu Alec,

Hujambo? Nimepata kadi yako, ile picha ya ufukwe nimeiweka kwenye rafu iliyo juu ya meko ili nami nipate joto.

Mwanangu, mambo si mazuri. Tulipata baridi wiki mbili, barafu imeganda kila mahali, kisha ikayeyuka, na maji yakaja kuliko mwanzo. Doa limefika darini na limeshuka mpaka jikoni. Matofali mapya ya Kit yanamenyuka uso kama ngozi ya viazi, vipande nimeviokota uwanjani. Kit alipanda akaniambia kweli. Maji yanaingia nusu ya Wilf, yanapita katikati, yanafika kwetu, na sababu saruji mpya ni ngumu hayana pa kutokea. Yanakaa humo humo yanaganda, yakiganda yanapasua tofali. Amesema dohani haina nusu. Ikianza kuinama itainama yote, na itaangukia paa langu au kichwa cha mtu.

Nikamwambia basi atengeneze yote. Akasema yeye kwa kazi ya Wilf Raine hapandi ngazi, nitafute mwingine, na kwanza lazima mwenye nusu ya pili akubali.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nikagonge kwake? Ni neno moja tu la dohani, si la mengine. Nalala jikoni kwenye kiti sasa, juu ni unyevu mtupu, kifua kimeanza kukohoa. Sikwambii ili unionee huruma, nakwambia ili ujue.

Nijibu upesi.

Mama yako

---

5 Februari 1987

Mama,

Shikamoo. Nakutumia hela, hamia kwa shangazi Elsie mpaka majira ya joto.

Kwake usigonge. Watu wa mtaa huo waliuza hata pete za ndoa lakini hawakuvunja mgomo. Ukimfungulia mdomo hata mara moja, umewatukana wote, na mimi wa kwanza. Ukimsemesha Wilf Raine, usiniandikie kunieleza.

Alec

---

29 Machi 1987

Mwanangu Alec,

Hujambo mwanangu? Mimi ni mzima, kikohozi kimepungua.

Nakuandikia kukueleza.

Kwa Elsie nilikaa siku tisa. Ni mwema lakini ana vyumba viwili na mume anayekoroma, na kila siku nilikuwa nawaza paa langu. Nikarudi. Tofali zima lilikuwa limeanguka mbele ya mlango, pale ninaposimama kuchukua maziwa. Nililitazama, nikavaa koti la kanisani, nikaenda nikagonga kwake.

Alikaa muda kufungua. Nadhani alifikiri ni watoto wa kumtupia vitu. Alipofungua alinitazama tu, amekonda Alec, amekuwa kama nguo yake yenyewe imetundikwa.

Nikamwambia, "Dohani yako inanilowesha."

"Yangu?"

"Yako na yangu."

Akaangalia barabara, juu na chini. Akasema, "Ingia, Mama Alec. Au unaogopa watakuona?"

Nikamwambia wameshaniona, Norma yuko kwenye pazia tangu nilipofungua geti.

Akacheka kidogo, sauti imekwaruza kama mlango usiotumika. Akaniwekea chai. Kikombe alinipa, yeye akanywea bakuli, sikuuliza kwa nini nyumba nzima ina kikombe kimoja. Hakuniomba radhi kwa lolote wala mimi sikumdai. Aliuliza jambo moja tu nje ya dohani.

"Kijana mzima?"

"Mzima."

"Basi vizuri."

Hakupatikana fundi wa kufanya naye kazi, kwa hiyo alipanda mwenyewe, unajua alikuwa akijenga kuta kule chini. Alibomoa mpaka kwenye vigae, akajenga upya kwa chokaa si saruji, alisema chokaa inapumua, inaruhusu maji yatoke. Juu akaweka bamba pana linalozidi matofali pande zote ili maji yadondokee mbali na ukuta. Chini, pale vigae vinapokutana na tofali, akaingiza mabamba mapya ya risasi, ile madini laini isiyopitisha maji, ndani ya viungo. Vyungu vyake viwili akavivika kofia zenye matundu, mvua isiingie lakini hewa ipite. Siku sita. Mimi nilikoroga chokaa na kumshikia ngazi, maana hakukuwa na mwingine wa kuishika.

Watu walipita. Hata Mzee Tulip hakutania.

Sasa nimekueleza.

Mama yako

---

24 Mei 1987

Mwanangu Alec,

Hujambo? Natumaini ni posta tu inayochelewa.

Mimi ni mzima. Ukuta unakauka, kila wiki doa linarudi nyuma kidogo na kuacha chumvi nyeupe. Dukani Norma hanipi chenji mkononi tena, anaiweka juu ya meza na kugeuka. Alhamisi kwenye mchezo wa bingo nilikaa, waliokuwa kwenye benchi wakakumbuka mambo ya kufanya kwao. Kit akiniona anavuka barabara. Siwalaumu. Nami niliwahi kuvuka.

Niandikie hata mstari wa hasira.

Mama yako

---

16 Oktoba 1988

Mwanangu Alec,

Salamu. Elsie ameniambia umeoa, alisikia kwa mama yake Kit. Nimefurahi kwa moyo wote. Sijui jina lake, lakini msalimie.

Wilf Raine ameuza nyumba, amehamia kusini kwa binti yake. Siku ya kuondoka alipunga mkono, nami nikapunga. Waliokuja ni vijana wawili, mume na mke, kutoka mjini, hawajui lolote la mgomo, wananiamkia kila asubuhi mpaka nashtuka.

Jana nilikuwa kwenye foleni ya mkate. Yule mke kijana akaniuliza kwa sauti, duka limejaa, ni fundi gani aliyejenga dohani yetu maana mvua yote hii haijavuja hata tone, anataka kumpa kazi nyingine. Norma alikuwa ameshika kisu cha mkate. Ningeweza kusema sijui, Alec. Nilikuwa na hilo neno mdomoni.

Nikamwambia ni Wilf Raine, aliyekaa nyumba yako, alifanya kazi nzuri.

Norma akaweka mkate wangu juu ya meza. Nikaushika, nikalipa, nikatoka.

Nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa Kit. Sikumchagua yeye nikakuacha wewe. Nilikuwa na baridi, mwanangu, na wewe ulikuwa mbali, na yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta. Radhi kwa hilo siombi. Mengine yote niombe nitakupa.

Nitakuandikia tena Krismasi, na Krismasi ya baadaye, ujibu usijibu.

Mama yako